Kiapo cha Kipuli

Mama Shemsa hakubisha hodi. Mtu wa Makorora asiyebisha hodi ama kafiwa ama kaja kutukana, na Bi Mwajabu, aliyekuwa uani akipepeta mchele, alipomwona mwenzake kasimama kizingitini na buibui limemkaa upande, alijua kwamba huyu hakuja na habari ya maiti. Alimkaribisha ndani. Mama Shemsa akasema nyumba hii haikanyagi tena. Akatandikiwa mkeka hapo hapo alipo, akautazama huo mkeka, akabaki wima.

Shemsa karudishwa, ndivyo alivyosema. Karudishwa jana na begi lake na mimba ya miezi saba, shemeji yake kamshusha mbele ya duka la mkaa watu wote wakiona. Mkwewe alikwenda kumkatia mjukuu bima. Siku hizi mtoto hukatiwa bima angali tumboni, na asiyekatiwa mama yake atajua mwenyewe pa kumzalia. Mashine ya bima ikataja bei iliyomtoa macho mwanamke yule, na alipouliza kulikoni ikamjibu bila haya wala soni: mama wa mtoto aliwahi kuugua akili, na mpaka leo anakunywa kidonge cha kumtuliza. Basi. Ukoo mzima wa mume ukajua kabla ya adhuhuri, na mume, ambaye ana mdomo mkubwa lakini hana uti wa mgongo, akafuata alichosema mama yake.

Jambo hilo lilijulikana na watu wawili tu, mama mzazi na somo, yaani kungwi aliyemfunda. Shemsa alichanganyikiwa mwaka aliofiwa na baba yake, akiwa chuoni Morogoro. Akalazwa, akatibiwa, akapona, na majirani wa Tanga wakaambiwa ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Alipowekwa ndani kabla ya harusi alimweleza somo wake yote, kwa kuwa ndani ndiko mwanamke anakotua mzigo. Bi Mwajabu akamwambia hili tunalizika hapa. Mama Shemsa alikuwapo siku hiyo, na sasa alikuja kumkumbusha maneno yake mwenyewe moja moja.

Bi Mwajabu aliuliza kwa sauti ndogo kama Shemsa hakumwambia mwingine yeyote. Akauliza, na kipuli je?

Mama Shemsa akacheka kile kicheko cha kumdharau mtu. "Kipuli si ulikiapisha mwenyewe? Si wewe uliyetuita sote hapa hapa uani ukatwambia semeni msiogope, mficha uchi hazai? Usitafute pa kutupia taka zako, Mwajabu. Kipuli hakiendi harusini kula pilau za watu na kusengenya."

Akaondoka. Kabla ya alasiri, mama wawili waliokuwa na wari wa kuingizwa ndani mwezi ule walituma salamu kwamba, samahani sana, wamepata somo mwingine.

*

Na uchungu wenyewe uko hapa, kwamba karibu kila neno alilosema Mama Shemsa lilikuwa kweli.

Kipuli cha Stara hakuna asiyekijua. Ni kijidude kidogo mfano wa choroko, kinakaa kwenye ndewe ya sikio, na mtu asiyejua atadhani ni pambo. Kinapitisha mwanga ndani ya nyama ya sikio kikasoma damu inavyokwenda: presha, sukari, joto, mimba ikiingia, mimba ikitaka kutoka. Yote hayo yanakwenda kwenye programu ya simu, simu inayapeleka kwenye ghala la kampuni, na ghala likiona jambo linarudisha neno sikioni, taratibu, hata anayelala nawe kitanda kimoja asisikie. Nawe ukitaka kusema, unanong'ona tu, kinakusikia. Na sauti inayokujibu ni ya Bi Mwajabu.

Kwanza walijaribu sauti ya mtangazaji. Wanawake wakacheka. Wakajaribu sauti ya daktari mmoja bingwa, wanawake wakaogopa, wakavua kipuli wakienda kuoga na wasikivae tena. Ndipo alipokuja binti mmoja wa Kipare, Injinia Elineema Mshana, aliyekuwa mkuu wa mafundi, akakaa kwenye kigoda uani kwa Bi Mwajabu akamwambia ukweli mtupu: Bibi, wanawake wetu wanakufa na mashine tunayo, ila hawaisikilizi. Watakusikiliza wewe. Nusu ya wanawake wa mji huu umewaweka ndani.

Bi Mwajabu alikubali kwa sababu ya Zuhura. Zuhura alikuwa mwanawe wa pekee. Alipokuwa na mimba kichwa kilimuuma, wakasema jua. Macho yakaona vimulimuli, wakasema uchovu. Alipoanguka na kutetemeka ndipo walipomkimbiza, na daktari akasema ni kifafa cha mimba, presha ilikuwa imepanda siku nyingi na hakuna aliyeipima. Walizikwa pamoja, yeye na kichanga chake. Tangu siku ile Bi Mwajabu alikuwa tayari kumpa sauti yake hata shetani, mradi shetani huyo awe na kipimo cha presha.

Lakini hakuwapa hivi hivi. Aliwaambia mafundi wote waje wale kiapo cha ndani. Wakaja, wanaume kwa wanawake, na kwa kuwa chumba cha wari mwanamume haingii na suruali, vijana wale wasomi walifungwa kanga viunoni wakaingia wameinama kwa aibu. Kila mmoja akaramba chumvi juu ya mchi, akasema: la ndani nililolisikia, nitakufa nalo. Wengine walicheka wakitoka. Elineema alitoka analia. Na tuseme haki ya Mungu, hakuna hata mmoja wao aliyekivunja kiapo kile.

Ila kampuni iliuzwa. Mafundi wale wakaondoka mmoja mmoja, wengine kwa kufukuzwa, wakaja wengine ambao hawakuramba kitu. Bi Mwajabu alisikia redioni kwamba Stara ina mwenyewe mpya, wala hakushtuka. Yeye alidhani kiapo kinakwenda na kazi, kwamba anayeingia anakikuta na kinamshika, kama vile mwari akihama mji haachi miiko yake nyuma. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na yeye hakuuliza. Kuuliza hakukuwa katika tabia yake.

*

Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa kipuli. Sauti yangu mwenyewe initumie mimi kwa lipi, alikuwa akisema. Kwa hiyo miaka yote ile hakujua inasema nini masikioni mwa watu.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Mwanakheri, jirani msusi, akamwomba amwazime kipuli chake kidogo. Mwanakheri alikivua huku akimtazama kwa jicho la pembeni, maana habari zilikwisha kumfikia, lakini adabu ilimzuia kukataa. Bi Mwajabu akakibana sikioni, akangoja.

"Mwanangu," ikasema sauti yake mwenyewe, changa kidogo kuliko alivyo sasa, "leo presha yako imepanda. Kaa kivulini unywe maji." Akatabasamu, maskini. Kisha sauti ikaendelea: "Hebu niambie. Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua akili? Mama yako? Shangazi zako? Mumeo anajua?"

Alikivua haraka, akakiweka juu ya meza ya vitana.

Kwa sababu somo haulizi. Hilo kila mwanamke aliyekaa ndani analijua, ingawa wengi hawajui kwamba wanalijua. Somo anaimba, anafunza, anasuguasugua mgongo wa mwari kwa liwa, na mwari akitaka kusema atasema. Asipotaka, siri yake inabaki yake. Bi Mwajabu hakuwahi katika maisha yake yote kumwuliza mwari swali moja la kwao, na mafundi wa kwanza alipowarekodia maneno yake, hakuwarekodia swali hata moja. Maswali haya yalikatwa na kuunganishwa kutoka katika sauti yake, na watu ambao hawakujua kwamba yeye haulizi.

Akamwuliza Mwanakheri kama kipuli kinauliza hivyo siku zote. Mwanakheri akasema mbona zamani sana. Walidhani Bi Mwajabu uzee umemtia udadisi. Nao wakawa wanamjibu, kwani mtu atamficha nini somo wake? Akaanza kusuka tena, na baadaye kidogo vidole vikasimama kichwani kwa mteja. Bi Mwajabu aliona Mwanakheri anakumbuka aliyoyajibu, na hakutaka kumwambia kitu zaidi, si mbele ya kile kijidude.

*

Ofisi ya Stara iko ghorofani, barabara ya kwenda Raskazone. Alipofika mapokezi hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa kioo, na ukuta ukamwambia kwa sauti yake mwenyewe, "Karibu mwanangu, nikusaidie nini?" Bi Mwajabu akaona haya kama mtu aliyefumaniwa, asijue amjibu nani. Mwishowe akasema anamtaka mkubwa wa hapa.

Mkubwa aliitwa Bwana Kassian, mtu wa heshima zote, aliyesimama kumpokea na kumwamkia shikamoo kwa mikono miwili. Alimpa soda. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamweleza, kwa upole ule wa kumweleza mgonjwa, kwamba hakuna siri iliyoibwa. Masharti yalibadilishwa, kila mtumiaji aliletewa masharti mapya kwenye simu, na kila mmoja alibonyeza Nakubali. Kampuni ina washirika wake, bima na waajiri na ofisi za ndoa, na washirika ndio wanaolipa, ndiyo maana kipuli ni bure. Bi Mwajabu alisema wanawake wale hawakukubaliana na masharti, walikubaliana na yeye. Bwana Kassian akasema hiyo ndiyo thamani ya sauti yake, na kampuni inamshukuru.

Alimaanisha, hakuwa akimdhihaki. Bi Mwajabu angependa amkute mtu mwovu, akamtukana, akaondoka na moyo mwepesi. Badala yake Bwana Kassian aligeuka akagusa ukuta, akataka kumwonyesha faida ya kazi yake kwa mfano wa hapa hapa mtaani kwake.

"Huyu, kwa mfano," alisema. "Shemsa Hamadi, Makorora. Mimba ya kwanza. Tazama presha yake mwezi uliopita, na hii ya leo. Inapanda. Figo zimeanza kulalamika. Wiki tatu, nne hivi, kipuli kitamwita hospitali, atakuta kitanda kinamngoja. Bila sisi, Mama, huyu ni maiti anayetembea."

Bi Mwajabu alitazama ule mstari mwekundu ukipanda ukutani. Alimwuliza Bwana Kassian kama Shemsa kamruhusu kumwonyesha mtu baki damu yake. Bwana Kassian akasema alibonyeza Nakubali, na hakuona hata kidogo alichokuwa ameulizwa.

Akashuka ngazi ameshika ukuta. Alichokuja kukitafuta amekipata, ushahidi mbele ya macho yake. Na alichokipata zaidi ya hicho, kwamba uhai wa Shemsa unaning'inia kwenye kipuli hicho hicho, kilikuwa kizito kuliko alichokitafuta. Zahanati ya Makorora haina tena siku ya wajawazito. Ilifutwa vipuli vilipoenea, manesi wakahamishwa, na chumba cha kupimia kimepangishwa fundi magodoro. Hospitali kubwa haimpokei mjamzito ambaye hakuitwa na kipuli chake. Mlinzi wa getini anatazama simu, haoni wito, anakurudisha. Wangefanyaje tena, mashine inapima kila dakika na haiombi likizo. Mji mzima ulikubali. Na Bi Mwajabu alikubali kabla ya wote.

*

Elineema alikuwa Chumbageni, anatengeneza pampu za maji za nguvu za jua. Alimwamkia bibi yake, akamfutia kiti kwa kitambaa chenye grisi, kisha akafunga mlango wa karakana na simu zote mbili akaziweka nje. Hakushangaa kumwona. Alisema amekuwa akimngoja kwa muda mrefu, ila aliogopa kumfuata.

Alikuwa na kila kitu. Kuna mlango katika ghala la Stara ambao yeye ndiye aliyeujenga, na wapya hawajaugundua. Kwa mlango huo aliona siri zinavyotoka: ya nani, kwa nani, siku gani. Aliiona ya Shemsa ikienda bima. Alikwishapeleka malalamiko kwenye Baraza la Faragha, na Baraza linakaa keshokutwa. Kilichobaki ni kimoja. Sauti ni mali ya mwenye sauti. Bi Mwajabu akisimama mbele ya Baraza, akaapa kwamba yeye hakutoa siri ya mtu na kwamba maswali yale si yake, kisha akaiondoa sauti yake kwa kinywa chake, Baraza litafunga ghala siku hiyo hiyo.

Bi Mwajabu aliuliza vipuli vitakuwaje.

Vitanyamaza, Elineema alisema. Vyote. Ghala halifungwi nusu.

Akauliza kama wanaweza kungoja mpaka mtu mmoja ajifungue. Elineema alijua mara moja ni nani. Akasema Baraza likikaa keshokutwa halikai tena mpaka mwakani, na ule mlango hautakaa wazi mpaka mwakani. Alisema kwa taabu, kwani hakuwa mtu wa moyo mgumu. Alisema kuna wanawake wengi mno, Bibi. Kuna mwalimu wa Muheza kanyimwa kazi kwa mimba iliyotoka akiwa na miaka kumi na minane. Kuna mke kapigwa mpaka kavunjwa taya, kwa kuwa mumewe aliuziwa habari ya vidonge vya uzazi alivyokuwa anakunywa kwa siri. Kila siku wanaongezeka, na wote wanasema ni somo ndiye aliyetoa.

"Na wajawazito wengine," Bi Mwajabu alisema, "wale ambao presha zao zinapanda sasa hivi. Nao wengi?"

"Wapo." Elineema alitazama mikono yake. "Nimeomba Baraza liwafungulie zahanati. Wamesema watalitazama."

Wote wawili walijua neno hilo linamaanisha nini. Kisha Elineema akampa onyo moja, akimshika mkono. Asiseme lolote la maana mbele ya kipuli chochote. Kinasikia hata kisipoulizwa, na kinaweka. Akijikwaa kwa neno moja, Stara watalicheza mbele ya Baraza, na kesi itakuwa imekufa. Bi Mwajabu alisema amesikia. Akasema atakuwapo keshokutwa, ila kwanza akamwone mwari wake, amsafishe moyo kabla mambo hayajatibuka. Atamtoa nje ya chumba, amnong'oneze mbali na kile kipuli. Alidhani njia itapatikana, amwambie ukweli na bado amwachie uhai. Njiani alizipanga sentensi kichwani na kuzipangua, na hakuna hata moja iliyosimama.

*

Mama Shemsa alimfungulia kwa kuwa watu walikuwa wanapita, hakutaka aibu ya pili. Akamwonyesha chumba cha uani kwa kidevu, akabaki mlangoni amekunja mikono.

Shemsa alikuwa kitandani amekalia mito, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani, uso umemjaa. Hakutoa shikamoo. Hilo peke yake lilimchoma Bi Mwajabu kuliko maneno yote ya mama yake. Alimwomba watoke kidogo uani, wakae wawili kwenye hewa. Shemsa akasema kichwa kinamuuma, hatoki, na yanayosemwa yasemwe hapa hapa mbele ya mama. Kichwa kimemuuma tangu jana. Ni hili jua, akasema Mama Shemsa kutoka mlangoni.

Bi Mwajabu alikaa kwenye ncha ya kitanda. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, Shemsa akaanza yeye. Alisema amelia, sasa amechoka kulia, ameanza kufikiri. Waliojua walikuwa watatu: mama, somo, na kipuli alichokinong'oneza mwenyewe. Mama hawezi kumuuza mwanawe. Wamebaki wawili.

"Niambie si wewe, Somo," alisema. "Neno lako moja tu. Nitakuamini, wallahi nitakuamini, kwa kuwa nakujua. Basi kama si wewe ni hiki." Akashika ndewe ya sikio, vidole juu ya kibanio cha kipuli. "Nakitoa sasa hivi nakitumbukiza chooni, na hospitali yao siendi, nizalie hapa hapa, liwalo na liwe. Siwezi kumvaa sikioni mtu aliyenivunjia nyumba."

Na angekitoa. Bi Mwajabu alimjua. Ndiye mwari pekee aliyewahi kukaa ndani siku kadhaa bila kula, mpaka mama yake alipoomba radhi kwa neno alilomtukania. Kumwambia hiki kimekusaliti lakini kivae mwanangu mpaka uzae, angekuwa anajisumbua. Kingefika chooni kabla hajamaliza kusema. Na hapo ndipo kichwa kingeendelea kumuuma, wangeendelea kusema jua, na siku moja angeanguka katikati ya chumba hiki na mlinzi wa getini angetafuta wito kwenye simu asiuone.

Alitazama sikio la Shemsa. Kile kipuli kilikuwa pale kinameremeta, kinasikiliza. Alilikumbuka onyo la Elineema, kila neno. Alimkumbuka mwalimu wa Muheza asiyemjua kwa sura, na yule wa taya, na Mwanakheri na vidole vyake vilivyosimama. Wote hao walikuwa wari wa sauti yake, na angeweza kuwaokoa keshokutwa, na kulisafisha jina lake pia. Alitamani jina lake. Alilitamani sana, mwanamke mzima aliyeishi miaka sabini bila kutoa neno la mtu.

Tumbo la Shemsa lilisogea chini ya kanga, mtoto kageuka.

"Ni mimi," Bi Mwajabu alisema.

Shemsa hakuelewa mara moja. Vidole vilikuwa bado kwenye kibanio.

"Ni mimi niliyesema, mwanangu. Ulimi uliniteleza, nikamwambia mtu, naye akafikisha bima. Kipuli hakina kosa. Kiache sikioni. Kikikuita nenda, usingoje mtu." Aliyasema wazi, bila kunong'ona, ili kila anayesikiliza asikie vizuri.

Mama Shemsa alitoa sauti pale mlangoni, nusu kilio nusu ushindi. Shemsa aliteremsha mkono taratibu. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alimtazama tu somo wake muda mrefu, kwa macho ya mtu anayemwona mwingine kwa mara ya kwanza, kisha akamwambia atoke.

Bi Mwajabu alitoka. Ukumbini ilimbidi akae chini sakafuni kama mtoto ili afunge ukanda wa kiatu, na hakuna aliyemsaidia. Mama Shemsa alikwishapita mbele kwenda kuwaambia majirani. Kwa nyuma, chumbani, akamsikia Shemsa ananong'ona, na haikuwa dua.

"Kumbe wewe tu ndiye uliyenisitiri," alikuwa akisema. "Umebaki wewe."

Jibu hakulisikia, kwani kipuli husema na sikio moja. Lakini alilijua, kwa kuwa hilo ni lake la halali. Alilisema mwenyewe mbele ya kinasa sauti cha Elineema, siku ya kwanza, akimfikiria Zuhura: Nipo, mwanangu. Sema lolote, liko ndani.

Na Shemsa akaanza kusema.